Mgahawa wa Sultanahmet ulivyotubambikia bili, na kwa nini hatutanyamaza

Wanajukwaa, habari zenu. Nafungua uzi huu kuulalamikia mgahawa mmoja ulioko Sultanahmet, Istanbul, ambao ulimtoza shangazi yangu lira 7,865 kwa mlo wa watu watatu, ilhali tulichoagiza kwa midomo yetu wenyewe, hata kwa bei zao hizo za kukomoa, hakikuzidi lira 4,740. Kiasi kilichobaki, karibu asilimia 40 ya bili nzima, kilitokana na vitu vilivyowekwa mezani bila kuombwa na makato ambayo hatukutajiwa tangu tulipoketi mpaka tulipoletewa karatasi. Jina la mgahawa silitaji kwa sasa kwa sababu malalamiko rasmi yanaandaliwa, lakini mchezo wenyewe nitaueleza wote, maana wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaofuata nguo Laleli, mtaa wa maduka ya jumla mjini humo, wakishafunga mzigo hupanda tramu ya T1 kwenda kutembea huko huko Sultanahmet, na ndiko wanakonaswa.

Shangazi ni mtu mzima aliyefanya biashara miaka mingi, na si mtu wa kuona haya kuuliza bei. Alitaka kutukirimu, mimi na binti yake, kabla ya safari ya kurudi Dar es Salaam. Mpiga debe wa mgahawa alitusimamisha njiani kwa "Jambo" na "Karibu mama", akatufungulia menyu kubwa yenye picha za vyakula, na chini ya kila picha palikuwa na jina tu, bei hakuna. Shangazi aliuliza bei, akajibiwa kwamba bei ni nzuri na sisi ni ndugu zao. Tulipoketi hatukukuta menyu ya karatasi, ila kibandiko cha kuskani kwa simu, ambacho ukurasa wake haukufunguka. Mhudumu akasema mtandao unasumbua na kwamba yeye mwenyewe angetueleza kila kitu.

Naomba hapa tuelewane vizuri, kwa sababu wapo watakaosema kwamba mwenye mgahawa ana uhuru wa kuendesha biashara yake anavyotaka. Hana uhuru huo. Nchini Uturuki, tangu Januari 1, 2024, migahawa inatakiwa kuweka orodha ya bei mlangoni, mahali ambapo mteja anaiona kabla hajaingia, na kuiweka pia mezani. Ni kanuni ya serikali, na kusudi lake ni kumlinda mlaji dhidi ya jambo hili hili tulilofanyiwa. Kwa hiyo mgahawa ule ulikuwa umekwisha kuvunja kanuni kabla hata supu haijafika mezani.

Baada ya kuagiza supu ya dengu, kebabu mbili za Adana na samaki mmoja, alikuja mhudumu mwingine na sinia kubwa la vijisahani: bilinganya za kuponda, mtindi mzito wenye vitunguu saumu, kachumbari ya pilipili iliyosagwa, majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali, na jibini. Akavipanga vyote vitano mbele yetu pamoja na mkate wa moto uliofura. Binti wa Shangazi alimwuliza kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa kama vitu hivyo vinakuja na chakula, naye akaweka mkono kifuani, akainama kidogo na kusema "Karibuni, karibuni". Mtu aliyelelewa kwetu, akikaribishwa kwa namna ile, anaelewa kwamba amekirimiwa. Kwenye bili kila kijisahani kilikuwa lira 320, jumla 1,600. Chai tuliyoletewa mwishoni katika vile vigilasi vyao vyembamba, ambayo pia hatukuiomba na ambayo migahawa mingi ya mji ule humpa mteja bure akimaliza kula, iliandikwa lira 120 kila kigilasi.

Kuhusu samaki, hasira yangu ni kubwa zaidi. Shangazi haruhusiwi nyama nyekundu kwa sababu ya gauti, na mhudumu alipojua hivyo alimshawishi achukue samaki anayeitwa levrek, akamwambia bei yake inazidi ya kebabu "kidogo tu". Kebabu ilikuwa lira 750; samaki alikuja kuandikwa lira 2,400, kwa maelezo kwamba alikuwa na uzito wa kilo 1.2 na kilo moja ni lira 2,000. Hakuna aliyempima mbele yetu. Samaki mwenyewe aliletwa akiwa mzima, kichwa na mkia, na alienea ndani ya sahani ya kawaida bila kugusa kingo zake. Shangazi amekulia Kilwa Kivinje, samaki anamkadiria kwa macho, na alisema pale pale kwamba yule hafiki hata nusu kilo. Tulipotaka kuonyeshwa mizani tuliambiwa jiko limefungwa, wakati meza ya jirani ilikuwa ndiyo kwanza inaagiza.

Na kebabu nayo ilikuwa ya kughushi. Adana kebabı ni jina lililosajiliwa na kulindwa nchini mwao tangu 2005, na masharti yake yanajulikana: nyama ya kondoo dume, ikatwekatwe kwa mkono kwa kisu kikubwa kilichopinda kinachoitwa zırh, ichanganywe na mafuta ya mkia, pilipili nyekundu na chumvi, kisha ibanwe kwenye mshikaki mpana wa chuma na kuchomwa juu ya mkaa. Tulicholetewa kilikuwa cha kijivu, laini mno, kimejaa vitunguu na makombo ya mkate, na hakikuwa na alama ya moto upande wowote. Nimewahi kula Adana ya kweli kule Aksaray, mpishi akiwa amekaa mbele ya mkaa na mafuta yakidondokea motoni, kwa hiyo najua ninachokisema.

Bili ililetwa ikiwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kikaratasi. Pamoja na vyakula palikuwa na lira 450 za "kuver", yaani lira 150 kwa kila mtu aliyekalia kiti, na chini kabisa asilimia 10 ya huduma, lira 715. Tulipohoji, yule mhudumu aliyekuwa akituita ndugu hakuonekana tena, wakaja wanaume wawili ambao hatukuwa tumewaona tangu mwanzo, wakasimama pande zote mbili za kiti cha Shangazi. Mmoja akamwambia kwa sauti ya juu, "You eat, you pay." Mama wa umri ule, mgeni, usiku, anasimamiwa kichwani namna ile! Shangazi akatoa kadi ili yaishe.

Hata kwenye kadi walituibia. Mashine humpa mteja nafasi ya kuchagua kulipa kwa lira au kwa sarafu ya kadi yake, na kwa kuwa kadi ya Shangazi ni ya akaunti ya dola, aliyeshika mashine alibonyeza dola yeye mwenyewe kabla ya kumgeuzia mashine aweke namba ya siri. Anayechaguliwa dola namna hiyo hubadilishiwa fedha kwa kiwango cha mwenye mashine, ambacho kwa kawaida ni kibaya kuliko kile cha benki yake. Wanajukwaa wanaosafiri, chagueni lira, na msikubali mtu mwingine aguse kitufe hicho. Tulipodai risiti halali ya mauzo, ile ambayo sisi tumeizoea kwa mashine za EFD na ambayo Uturuki nako muuzaji analazimika kuitoa, tulipewa kile kijikaratasi cha kadi peke yake.

Sisemi kwamba Waturuki wote wako hivi, na kwa kweli ndiyo sababu inaniuma zaidi. Katika mji ule ule, kwenye migahawa ya wafanyakazi iliyojaa mitaa ya Fatih, chakula kinakuwa kwenye trei za moto nyuma ya kioo, unanyooshea kidole unachotaka, bei iko ukutani, mkate na maji ya mezani mara nyingi hulipii, na hakuna anayekuvuta mkono. Soko la Kadınlar Pazarı, karibu na ule mfereji wa maji wa Warumi, lina nyama ya büryan inayookwa shimoni na kukatwa mbele yako. Shangazi angekula vizuri huko, kwa heshima yake, kama tusingesimamishwa na yule mpiga debe.

Kwa sasa tumefanya haya. Tunazo picha za kikaratasi cha bili, za menyu isiyo na bei na za samaki akiwa sahanini, kwa sababu binti wa Shangazi hupiga picha kila kinacholetwa mezani. Benki ya Shangazi hapa Dar es Salaam imepokea fomu ya kupinga malipo. Kwa upande wa Uturuki tunataka kupeleka malalamiko kwa mamlaka ya kulinda walaji, ambayo ina namba ya simu 175, na kwa askari wa manispaa wanaoitwa zabıta, ambao ndio hukagua bei migahawani.

Ombi langu ni kwa wanafunzi wetu wanaosoma huko kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki, na kwa yeyote anayeandika Kituruki sanifu: nahitaji mtu wa kutusaidia kuandika barua hiyo, ukurasa mmoja unatosha, na gharama tutalipa. Vilevile, aliyewahi kurejeshewa fedha kwa njia ya 175 au kwa benki aeleze hapa ilichukua muda gani na aliombwa vielelezo gani. Waliofanyiwa hivi Sultanahmet waandike tarehe na kiasi walichotozwa, ili tuviambatanishe na barua yetu.