Naomba ushauri: ukumbusho wa wazee wetu waliopigana vita

Wandugu, niko Lubumbashi, Kongo, komini ya Kenya (sehemu ya mji wetu, si nchi). Familia kadhaa za mtaa wetu tunataka kuwajengea ukumbusho wazee waliokuwa Force Publique, jeshi la Kongo enzi za Wabelgiji: walioingia Tabora Septemba 1916, na waliofika hadi Saio, Ethiopia, 1941. Nyumbani tuna medali ya babu. Utepe umeoza, lakini mama huipangusa kila Jumapili.

Wengine wanataka sanamu ya askari na bunduki. Mimi naona hapana. Itakuwa na sura ya nani? Napenda ukuta wa majina, kama ule wa Washington wa 1982, wa Wamarekani waliokufa vita vya Vietnam: majina zaidi ya 58,000 kwenye jiwe jeusi, bila vyeo. Mtu anagusa jina la baba yake kwa kidole.

Shaba ingewafaa, ni mali ya Katanga, ila wezi wataing'oa wauze kwa kilo. Tuchonge kwenye jiwe?

Linaloninyima usingizi ni wapagazi. Walibeba risasi na chakula vichwani, wakafa wengi, na majina yao hatuna. Tuwaachie nafasi tupu ukutani, au tuchonge mzigo wa jiwe mbele yake, watoto waupapase? Aliyewahi kujenga kitu kama hiki anisaidie, fundi anasubiri jibu.