Tezi ni dhaifu, mbona TSH imepanda?

Mkaazi wa Likoni:
Assalaam aleikum. Bi mkubwa wetu hujifunika leso mbili juu ya sweta kaskazi hii, ilhali sisi sote tunatiririkwa na jasho. Daktari amesema tezi yake ya shingoni ni dhaifu, lakini karatasi ya vipimo inaonyesha TSH imepanda. Kitu dhaifu kinapandaje?

Mwalimu wa Baiolojia:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. TSH, homoni ya kuichochea tezi hiyo, haitoki shingoni. Hutolewa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na ndogo kama punje ya mbaazi, ili kuiamrisha thairoidi, yaani hiyo tezi ya shingoni, itengeneze thairoksini, homoni inayouwezesha mwili kutumia nishati na kuzalisha joto. Thairoksini ikipungua katika damu, pituitari hupaza sauti, mfano wa nahodha anayempigia kelele baharia asiyesikia; thairoksini ikitosha, pituitari hunyamaza. Hizo ndizo kelele mlizoziona kwenye karatasi.

Binti wa Kisauni:
Mama yangu pia alipewa vidonge vya thairoksini. Tulikosea kumpa pamoja na chai ya maziwa na mahamri, kumbe humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa nzima kabla ya kula.

Mwalimu wa Baiolojia:
Ni kweli, dada. Tena msishangae akiitwa kupimwa upya baada ya wiki 6 hivi: thairoksini hukawia katika damu, nusu yake ikichukua takriban siku 7 kuisha, na pituitari nayo haitulii upesi.