Mrejesho: kufika kibandani kilimani bila kushtua pongo

Wakubwa, asanteni sana. Niliuliza namna ya kufikia kibanda changu cha kupigia picha, juu kilimani nje ya Lubumbashi, bila madume ya pongo (swala wa vichakani) kukimbia. Ushauri wa kupanda alasiri kwa upande wa nyuma ndio uliofaa: jua likiwa kali hewa hupanda, harufu yangu haishuki bondeni kwenye kichaka chao. Kufagia majani makavu ya miombo njiani pia kulisaidia kuliko nilivyotegemea (jirani alicheka weee). Dume mmoja alitoka, picha ninazo. Jioni ndiyo bado inanishinda: jua likizama hewa inageuka, inateremka, na pongo anabweka kabla sijakunja vifaa. Sasa naondoka jua likingali juu. Alfajiri sijajaribu.