Tiyo zinagonga ukutani kila tukifunga robine (Nguba, Bukavu). Tuanzie wapi?

Mama_Nguba
Jambo wandugu. Nyumba iko Nguba, chini karibu na ziwa, tiyo ni galva (chuma chenye zinki) ya inchi 1/2, sehemu kubwa iko ndani ya ukuta. Tukifunga robine ya jikoni, ile ya robo mzunguko, ukuta unapiga "gbu!" na tiyo inatetemeka hadi bafuni. Mashine ya kufua nayo inagonga kila inapojikatia maji. Usiku ndiyo inazidi. Fundi mmoja anashauri kipande cha tiyo kilichozibwa juu, mwingine anataka tubadili tiyo zote. Yupi yuko sahihi?

Fundi_Ibanda
Mama, usibadili tiyo yoyote kwanza. Kelele inayotokea wakati wa kufunga ni pigo la maji: yalikuwa yanakimbia, yanazuiwa ghafla, mwendo wote unageuka presha inayorudi nyuma. Kwenye galva, maji yaendayo mita 1 kwa sekunde yakikatwa papo hapo huongeza bar 12 hivi (bar ni kipimo cha presha) juu ya presha iliyokuwepo. Kwenye PVC ni bar 4 au 5, kwa sababu plastiki inatanuka kidogo.

Sasa angalia mahali mlipo. Kila mita 10 za mteremko kutoka tangi la mtaa huleta bar 1, na usiku watu hawachoti, basi presha inapanda. Tafuta manometre (saa ya kupimia presha) ya bar 0 hadi 16, ifunge kwenye robine ya nje, funga robine nyingine zote za nyumba, soma mchana, halafu soma tena usiku wa manane. Ikizidi bar 4, dawa ya kwanza ni reduktere, kifaa cha kupunguza presha. Inakaa baada ya kontere (mita ya maji) na vane yako kubwa ya kufungia maji ya nyumba, mshale ukitazama nyumba, unaiseti bar 3 maji yakiwa yamesimama. Acha nafasi ya kufungua chujio lake. Msimu wa mvua maji yakija na udongo, chujio huziba na utadhani maji yamekatika.

Vane_na_Tiyo
Kile kipande kilichozibwa kinasaidia, ila kwa muda. Kazi inafanywa na hewa iliyobaki ndani: inabanwa, inapokea pigo. Hewa hiyo inayeyuka kidogo kidogo kwenye maji, na kipande kikishajaa maji hakina faida tena. Mkikichagua, kiwe cha inchi 3/4, urefu sm 50 hivi, kisimame wima karibu kabisa na robine inayogonga. Kelele ikirudi, funga vane kubwa, fungua robine ya juu kabisa na ya chini kabisa, tiyo zote zimwage maji, kisha rudisha maji polepole.

Mimi ningenunua antibelie ya pistoni, kifaa cha kupokea pigo la maji. Hewa yake imefungiwa peke yake, haigusani na maji. Kwa mashine ya kufua, ifunge kati ya robine na mpira wa mashine, siyo kule kwenye kontere.

Koliye (vishikio vya tiyo ukutani) nazo zikazwe, zenye raba ndani, kila mita 1 na nusu kwa galva inayoonekana. Lakini koliye peke yake inaficha kelele tu. Pigo linaendelea kula joint na mipira mpaka siku moja mpira unapasuka hakuna mtu nyumbani.

Mama_Nguba
Asanteni. Manometre imesoma bar 5 mchana, bar 7 na nusu usiku. Tuna boila ya umeme pia. Na flotere ya WC (boya linalofunga maji ya tangi) inavuma ikikaribia kujaa, ni ugonjwa uleule?

Fundi_Ibanda
Bar 7 na nusu ni nyingi mno, reduktere isingoje. Chini ya boila kuna grupu ya usalama, vali ya kutoa presha iliyozidi, inayofunguka kwenye bar 7, kwa hiyo bila shaka sasa inatiririka usiku. Ukishaweka reduktere itadondosha tu wakati maji yanapashwa, kwa kuwa yanatanuka. Hiyo ni kazi yake, mtu asiizibe.

Flotere ni jambo lingine. Kelele ya kuvuma maji yakiwa yanapita hutoka kwenye raba iliyochakaa, inatetemeka badala ya kufunga vizuri. Badilisha raba au flotere nzima.

Mlima_Kadutu
Sisi huku juu presha ni ndogo, lakini pompi ya sitane (tangi la maji) inagonga mara moja umeme ukikatika. Tena maji ya mji yakirudi, tiyo zinapiga mfululizo.

Vane_na_Tiyo
Ndugu, pompi ikisimama ghafla, maji yaliyopanda yanageuka kushuka na kubamiza klapeti ya mlango, ile inayozuia maji kurudi. Weka klapeti ya springi kwenye tiyo ya kutoka, karibu na pompi: inafunga kabla maji hayajaanza kurudi.

Yale ya maji kurudi ni hewa. Mkiona yamekatika, fungeni vane kubwa. Yakirudi, fungueni robine ya juu kabisa, kisha vane robo tu, mpaka robine iache kutema hewa na maji yatoke laini. Hapo ndipo vane inafunguliwa yote.