Milango ya majengo Nairobi: kwa nini kijana Msomali ndiye awekwe kando?

Binti_wa_Eastleigh: Kijana Msomali akifika jumba la maduka, begi linamwagwa mezani huku wenzake wakipita. Ni hivyo tangu magaidi wavamie jumba la maduka la Westgate, Septemba 2013. Na Gichunge, mmoja wa waliovamia hoteli ya Dusit Januari 2019, alikuwa mtoto wa mwanajeshi wa Kenya, si Msomali. Soja wa mlangoni angempungia mkono apite.

Kamau_Bati: Westgate walikufa watu 67, dada. Kama huna la kuficha, toa kitambulisho uingie. Dakika moja.

Wakili_Mtaani: Toa kitambulisho! Mnubi wa Kibra na Msomali wa Garissa walikuwa wanapitishwa kwanza mbele ya kamati ya uhakiki kabla ya kukipata, na rais alitangaza kuufuta Februari 2025. Wakenya wengine alama zao za vidole zimo kwenye rejista ya wakimbizi, mfumo unawakataa. Kifungu cha 48 cha sheria ya walinzi ya 2016 kinamruhusu soja kuomba kitambulisho, kuandika saa ya kuingia na kutoka, na kukagua. Kabila halimo. Na kukishikilia kitambulisho kulipigwa marufuku Januari 2024.

Fundi_Kengele: Angalieni kile kijiti cha kupimia chuma. Mara nyingi kina betri ya volti 9. Ikiisha, taa haiwaki, na soja anaendelea kukipitisha mgongoni vile vile. Hapo kinachokagua ni jicho, na jicho linatafuta sura na buibui. Kijaribiwe kwa bunda la funguo kila zamu inapoanza, kisha kila mtu apimwe pale pale: mabega, kwapa, kiuno, vifundo. Mwanamke akaguliwe na mwanamke.

Soja_Mwenzenu: Mtu anasimama saa 12 bila kiti, mnamwita mbaguzi! Betri inanunuliwa na kampuni. Na "mwangalie sana yule" ni amri ya msimamizi, ya mdomo, haiingii kitabu cha zamu. Mshahara wetu wa chini wa 30,000 ulioagizwa 2024 umevutaniwa kortini, hapo hamkusema kitu.

Kamau_Bati: 30,000 kwa kufungua geti? Mwalimu wa chekechea anapata ngapi?

Soja_Mwenzenu: Geti? Bomu likija anayetangulia kufa ni nani, mwalimu wa chekechea?

Binti_wa_Eastleigh: Alipwe, hata 40,000. Lakini ndugu, hiyo amri ya mdomo ndiyo niliyokuwa naulizia. Inaanzia wapi, kwa kampuni au kwa mwenye jengo?

Soja_Mwenzenu: Mara nyingi kwa mwenye jengo, kwa simu, mpangaji akishalalamika. Hutaiona kwenye karatasi yoyote, dada. Ila Kamau kwanza anijibu.