Mashine ya kufua na draya ya kudumu, nichukue gani? (Nakuru)

MamaPacha_Kiamunyi

Habari zenu wadau, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Tuko Kiamunyi, watu 6 kwa nyumba, pacha wako nasari na mzee wangu ni wa mjengo kwa hivyo ovaroli zinarudi jioni zimejaa simenti na vumbi lenu mnalijua la Nakuru. Dada aliyekuwa anatufulia ameolewa akaenda, na mimi mgongo hautaki tena kuinamia beseni. Tuko na elfu 80. Nilikuwa nimeangukia ile mashine moja inayofua na kukausha humo humo, kilo 8, muuzaji akaniambia iko na waranti ya miaka 10 nikaona basi hiyo ndiyo. Lakini jirani yangu yake ya mlango wa mbele ilianza kunguruma kama kinu cha posho kabla hata haijazeeka, fundi akamwambia beringi zimeisha na hakuna kutengeneza, anunue ingine. Sasa nimeogopa. Maji yetu ni ya kisima cha kuchimba, tangi iko kwa stendi nyuma ya nyumba na si juu sana. Nataka kitu cha kukaa, sio cha kubadilisha kila saa. Mnasemaje?

Bahati_Kijana

Mama chukua ile ya matangi mawili umalize maneno. Unamwaga maji na ndoo, unazungusha swichi ya dakika, unahamisha nguo upande wa spini, kwisha. Haina kompyuta ya kuungua. Ya mamangu huku Bahati iko tangu niko sekondari na kitu imewahi kubadilishwa ni mshipi tu.

FundiKondele

Mama Pacha salamu kutoka Kisumu. Hizi mashine ndizo zinanilisha kwa hivyo nitaandika kirefu kidogo, nivumilie.

Hiyo waranti ya miaka 10 soma karatasi yake polepole. Karibu kila mara ni ya mota peke yake, hata LG miaka yao 10 ni ya mota ya inveta, mashine nzima ni mwaka 1 au 2 hivi kulingana na mahali umenunua. Na mota ya inveta haina kaboni (zile brashi za kusugua ndani ya mota) za kuisha kwa hivyo si rahisi iharibike, wanakupa waranti mahali hapaumi. Vitu vinavyoniletea kazi ni beringi, sili, bodi (ile kompyuta yake), pampu ya kutoa maji na raba ya mlango.

Sasa ya jirani yako. Nyuma ya ngoma kuna sili ya raba inazuia maji yasifike kwa beringi. Ikichoka maji yanapenya, beringi inaota kutu, na hapo ndipo unaanza kusikia mngurumo wakati wa spini. Beringi na sili yenyewe si bei ya kukuliza. Shida iko kwa lile tangi la plastiki linalobeba ngoma. Kuna modeli tangi limefungwa na bolti, nafungua, nagonga beringi ya zamani inatoka, naweka mpya, mashine inarudi kazi. Na kuna zingine zile nusu mbili zimeyeyushwa zikashikana kiwandani, hiyo haifunguki, unaambiwa ununue tangi lote na ngoma ndani yake na ukijumlisha unakaribia bei ya mashine mpya. Kwa duka muuzaji hatakuambia, wengi hawajui kabisa. Kwa hivyo piga picha ile stika ya namba ya modeli, mtumie fundi wa huko Nakuru, muulize kama amewahi kuifungua na kama spea anapata. Akikwambia hajawahi kuiona, ruka hiyo hata kama imepunguzwa bei.

Tangi yako ya maji sasa. Kila mita 10 za kimo zinakupa presha ya bar 1. Ukiwa na tangi mita 3 juu ya bomba la mashine una 0.3, na za mlango wa mbele nyingi zinataka kuanzia 0.5, zingine hata 1, imeandikwa kwa kitabu chake. Ikikosa inajaza polepole, inachoka kungoja, inakuandikia makosa na kusimama, halafu mtu ananipigia ati mashine imekufa na hata haina ugonjwa. Pandisha stendi ama weka pampu ndogo ya kusukuma. Na weka chujio kabla ya mashine, mchanga wa kisima unaziba kale kawavu kadogo kwenye valvu.

Ovaroli za simenti usiingize hivyo. Kung'uta nje, suuza kwa beseni kwanza. Na ule unga wa kufulia na mkono uachie mkono, povu yake ni nyingi, inabaki ndani na inakula ile chuma ya aluminiamu yenye mikono mitatu inayoshika ngoma kwa nyuma. Nunua sabuni ya mashine, na uweke kidogo kuliko unavyofikiria.

Bahati_Kijana

Fundi sasa na zile kubwa za Marekani wanauza kutoka kwa kontena, si wanasema hizo ndizo za kudumu?

FundiKondele

Kwao zinadumu. Zimetengenezwa za volti 120 na hezi 60 (mara stima inavyopiga kwa sekunde), sisi tuko 240 na 50. Transfoma itakupunguzia volti lakini hezi haigusi. Na draya zao za stima zinataka laini ya ampea 30, soketi yako ya ukutani ni 13. Achana nazo.

MkaaLurambe

Mulembe. Mimi niko Kakamega na sikubaliani na mtu yeyote atakayesema draya ni anasa, huku mvua saa tisa inajua njia ya kwetu, unaanika asubuhi, unaanua mbio, unaanika tena kwa korido na nguo zinanuka uvundo. Lakini Nakuru mna jua na upepo, Mama Pacha, wewe usikimbilie.

Hiyo ya mbili kwa moja ulizia vizuri. Imeandikwa kilo 8 lakini ni za kufua, kukausha huwa ni kama 5, kwa hivyo ukijaza inabidi utoe kama kilo 3 ndio ikaushe. Halafu nyingi zinatumia maji baridi kupoza mvuke wakati zinakausha, yaani unakausha nguo huku unamaliza tangi. Na ikiharibika kitu kimoja umekosa zote mbili.

Mimi nilinunua ya kufua kwanza, ya spini 1400 (mizunguko kwa dakika), draya ikafuata baadaye ikiwa peke yake. Spini kali inatoa maji mengi sana, shati linatoka na unyevu tu, halidondoki maji. Draya yenyewe kuna ya hita ya kawaida, mzigo uliojaa unakula kama unit 4, na ukihesabu unit karibu shilingi 30 na makato yake hiyo ni 120 kila ukiwasha. Ya pampu ya joto, ile inarudisha joto lake ilitumie tena, inakula nusu au chini ya hapo ingawa inachukua muda na bei yake kwa duka ni kali, elfu 80 isingetosha zangu zote mbili. Yoyote utakayopata, nyuzi za nguo kwa chujio cha draya toa kila mara, zikijaa zinaweza kushika moto. Na usiichomeke kwa ekstensheni.

Ingine, huku kwetu radi ni nyingi. Mvua ikianza kunguruma natoa plagi. Bodi ikipigwa hiyo ni pesa.

MamaPacha_Kiamunyi

Asanteni sana jameni, kumbe ningelipa elfu 80 nikaushe kilo 5. Nimeongea na mzee, tunachukua ya kufua peke yake kilo 8 ya spini 1400, inayobaki inaingia kwa pampu na stendi. Draya tutaona mvua za Aprili zikitushinda. Fundi swali la mwisho, jirani mwingine anasema yake ilitembea mpaka mlangoni siku ya kwanza, hiyo inatokana na nini?

FundiKondele

Bolti za safari hazikutolewa. Nyuma utaona 3 au 4 ndefu, zinashika ngoma isicheze kwa lori. Toa zote kabla ya kuwasha, ziba mashimo na vifuniko vilivyokuja nayo, na uziweke mahali, siku ya kuhama utazitaka. Miguu pia ilinganishe juu ya sakafu ya simenti, sio juu ya mbao. Modeli ukishapiga picha iweke hapa niione.