Mliosoma vitabu mnatukata stimu! Mwisho wa sizoni sio wa kumwaga kwenye stetasi

Wakuu, habari za Jumamosi. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo zenu.

Mimi sio mtu wa kufungua nyuzi. Huwa naingia kimya, nasoma, nacheka, natoka. Ila leo nina hasira za tangu Alhamisi na nikizikalia zitamshukia mteja asiyehusika. Moderata, nakuomba kwa heshima, usiuunganishe uzi huu na ule wa "unaangalia nini wiki hii". Huu ni wa malalamiko na una watuhumiwa wake.

Niko Kigoma mjini, Mwanga. Nashona nguo za kike, vitenge hasa. Jioni nikifunika cherehani naangalia sizoni, ndiyo starehe yangu iliyobaki. Pombe sinywi, na ufukweni Kibirizi nikienda kupunga upepo narudi nanuka dagaa. Toka 2022 nafuatilia The Summer I Turned Pretty. Kwa msioijua: kuna binti anaitwa Belly, kila likizo ya kiangazi mama yake anampeleka kwenye nyumba ya ufukweni ya rafiki yake wa damu. Mwenye nyumba ana watoto wawili wa kiume, Conrad na Jeremiah, ndugu tumbo moja. Mwaka ambao Belly anatimiza miaka 16, wale kaka wote wawili ndio wanashtuka kwamba kumbe huyu ni msichana. Basi, sizoni tatu tunazunguka hapo hapo. Nani atampata. Mkinicheka sawa, ila kuna watu humu wanaangalia tamthilia ya Kituruki ya episodi mia na ushee na hakuna anayewasema.

Imetoka kwenye vitabu vitatu vya mwandishi Jenny Han, cha kwanza cha 2009, cha mwisho cha 2011. Shikeni hiyo 2011, maana ndiyo fimbo wanayotuchapia.

Sizoni ya tatu ilianza 16 Julai 2025 ikaisha Jumatano hii, 17 Septemba. Episodi 11, siku ya kwanza waliachia mbili, baada ya hapo moja moja kila Jumatano. Kwa saa zetu inatoka saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi ya Jumatano mimi niko na pedali mguuni na mama wa watu ananiambia bega la kushoto linambana.

Nitasema ukweli jinsi ninavyoipata, na msinianze. Kadi ya benki ya kulipia mitandaoni sina. Bando la kuangalia episodi ya saa nzima nikiliunga, wiki hiyo sili mgebuka, nakula kisamvu. Kwa hiyo napeleka flashi kwa jamaa wa kibanda cha muvi, 500 kwa episodi, na yeye anapata Ijumaa, akichelewa Jumamosi. Najua sio njia iliyonyooka. Wiki ile ya Jumapili mwezi mpevu ulipopatwa nilisubiri zaidi, kwa sababu mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, wote wamejaa kibandani wanataka muvi za mapigano, na jamaa hawezi kuacha wateja kumi anihudumie mimi na mapenzi yangu ya ufukweni.

Sasa hebu fikirieni: kati ya Jumatano saa nne na Ijumaa jioni mimi naishije? Naishi kama mwizi. Stetasi za WhatsApp sifungui. Kundi la mafundi nimelinyamazisha. Hata picha za profaili za watu siziangalii, maana kila wiki wanaweka sura ya aliyeshinda. Nimeishi hivyo miezi miwili na nimefaulu mara nyingi tu. Nilibakiza moja, ya mwisho.

Alhamisi mchana akaja mteja wangu mmoja, dada wa ofisini, ofisi yenye intaneti ya bure inayokimbia kuliko pikipiki. Kitenge chake kizuri cha Kongo, anataka gauni la harusi ya mdogo wake. Nilikuwa namkaza kiunoni, nimepiga magoti, pini sita mdomoni. Mafundi mnanielewa, ukiwa na pini mdomoni huongei, ukiongea unameza. Akaanza: "Fundi, jana umeona? Umeona mwenyewe yule..." Nikatikisa kichwa. Nikanyanyua mkono. Nikatoa mlio kama wa mbuzi aliyebanwa mlangoni. Dada wa watu akaelewa kwamba nataka kusikia! Akalitaja jina. Akataja na walipokuwa. Akataja na alichokuwa amevaa. Yote, wakuu, huku mimi nimeshika kiuno chake kwa mikono miwili na pini sita kati ya meno. Nilipozitoa moja moja nikamwambia, "Dada, mimi bado sijaangalia." Unajua alijibu nini?

"Aa, si kipo kwenye kitabu toka 2011? Ungesoma."

Hapo ndipo damu ilipochemka, na hapo ndipo penye hoja yangu.

Ningesoma wapi? Maduka ya vitabu ninayoyajua mimi hapa mjini yanauza vitabu vya shule, madaftari, kamusi na misahafu. Riwaya ya Kiingereza ya vijana wa Marekani ukiikuta Kigoma ujue kuna mzungu kaisahau gesti. Wenye navyo mmetumiwa na shemeji zenu, au mna PDF kwenye simu, hongereni. Ila kuwa na PDF sio cheo. Mmejikuta wanazuoni kabisa! Kila wiki kabla ya Jumatano mnaandika "sisi tuliosoma tunajua kinachokuja", mnaweka na kile kiemoji cha kufunga mdomo, halafu dakika mbili baadaye mnaufungua. Wahenga waliposema usimwage mtama penye kuku wengi hawakuwa na simu, lakini nyie ndio waliokuwa wanawaona.

Na kinachoniuma zaidi, hata huo usomi wenu haukuwa sahihi! Mimi nimeikariri hii sizoni. Mwandishi mwenyewe ndiye anayeiongoza hiyo kazi na amebadilisha vitu kibao. Mama yake Belly kwenye runinga ana asili ya Korea, vitabuni hilo halipo. Yale mapenzi ya kaka yake Belly na rafiki yake Taylor yamekuzwa mpaka yamekuwa hadithi ya pili. Na kuna safari moja ya ng'ambo, kitabuni wamempeleka mtu nchi hii, kwenye sizoni wakampeleka nchi nyingine kabisa (sisemi nani, sisemi wapi, sisemi kwa nini, kuna watu bado wako nyuma na mimi sio mchawi). Wiki ya tatu ya Agosti kuna msomi mmoja kwenye kundi letu aliapa kwa jina la bibi yake kwamba tukio fulani litakuja. Halikuja. Alijificha siku nne. Aliporudi hakuomba hata radhi, akaanza kutabiri lingine.

Tatizo la pili, maDJ wanaotafsiri muvi kwa Kiswahili. Mama yangu yuko Ujiji, Kiingereza hakimpandi, nikaona nimchukulie ile iliyotafsiriwa ili na yeye aonje. Mimi nimekulia kwenye muvi zilizotafsiriwa na Lufufu, nazipenda sauti za kutafsiri, sina ugomvi nazo. Lakini huyu DJ wa sasa, na jina lake naliacha, episodi ya kwanza kabisa, dakika ya kwanza, Belly ndio kwanza anashuka kwenye gari, DJ anasema: huyu binti mnayemuona kavaa miwani ya jua, mtazameni vizuri, huyu mwisho wa siku atakuja kumfia fulani. Fulani kwa jina! Nikaruka kupunguza sauti, rimoti ikaanguka, betri zikatoka, na yeye anaendelea tu. Mnalipwa kutafsiri au kutabiri?

Bahati nzuri mama hakujali. Mama alikuwa na maswali yake. Aliangalia episodi mbili akiwa anachambua mchele, akauliza hawa watoto wanakula saa ngapi, mbona kila saa wako majini. Akauliza baba yao yuko wapi. Halafu akaweka ungo chini: "Ndugu wawili wa tumbo moja wanagombea binti mmoja, na wazee wapo hapo hapo ndani wanakunywa juisi? Wajomba wa hawa watoto wako wapi? Hiki kikao kingekuwa cha usiku mmoja tu." Nikamwambia mama, wakikaa kikao hakuna sizoni. Akasema basi ndiyo maana haiishi. Kwa mtazamaji mpya huo ndio uchambuzi bora niliousikia mwaka huu, na hakusoma kitabu.

Sasa nije kwa nyie wa timu. Kuwa na timu ni sawa, mimi mwenyewe ninayo. Binti wa shangazi yangu, kidato cha tatu, ni Timu Conrad kufa na kupona. Siku moja nimemshika na simu yangu anaandika chini ya picha ya Gavin Casalegno. Huyo ndiye muigizaji anayecheza Jeremiah. Anamtukana kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha sokoni! Nikamuuliza, "Mdogo wangu, huyu kakukosea nini?" Ananiambia, "Dada, wewe hukuona alichofanya?" Hakufanya! Aliyefanya ni mtu wa kwenye karatasi! Na msidhani ni yeye peke yake, ilifika mahali wenye kipindi wenyewe wakatoa tangazo la kuwaomba watazamaji waache kuwaandama waigizaji. Watu wazima wanabembelezwa kama watoto wa chekechea. Bando langu liliisha siku hiyo kwa ajili ya matusi yasiyosomeka huko yalikokwenda.

Mtaniambia mbona mpira watu wanatoa matokeo na hamlalamiki. Mpira ukichezwa umeisha, Simba kafungwa au hajafungwa, filimbi imelia, nchi nzima imesikia. Sizoni inamngoja mtu. Ukiniambia mwisho leo, ile saa nzima niliyokuwa nimeitunzia Ijumaa, na chai yangu, na mlango nimefunga, umeila wewe.

Niliangalia hivyo hivyo jana usiku. Umeme ulikuwepo, flashi ilisoma, hakuna kilichokwama. Ni nzuri, wakuu. Ni nzuri sana, na mimi nilikuwa nakaa pale kama mtu anayesomewa barua ambayo keshaisoma. Lile tukio lenyewe lilipofika, nilichokiona ni kile kiuno na zile pini. Sikulia. Nilikuwa nimepanga kulia tangu Julai, leso niliweka kabisa.

Na wametangaza kwamba kuna muvi inakuja ya kumalizia hadithi, Jenny Han mwenyewe ndiye anaiandika na kuiongoza. Hii haina kitabu chake. Kwa hiyo wasomi, kwa mara ya kwanza tutakuwa sawa, tuone mtajimwambafai na nini. Ombi langu ni dogo: subirini mpaka Jumapili. Mkiona Jumatano, Jumapili sio mbali, siku nne tu. Ukishindwa kujizuia muulize kwanza mtu, "umeshaangalia?", halafu subiri jibu. Akiwa na pini mdomoni, subiri azitoe.

Yule dada anakuja Jumatatu kuchukua gauni lake. Limekaa vizuri, nimeshalipiga pasi, siwezi kuharibu kitambaa cha watu kwa hasira zangu. Ila akiingia na habari ya sizoni nyingine, bei ya kubadilisha zipu imepanda.

Naomba kuwasilisha. Toeni povu lenu, ila jina la mtu MSITAJE.

NYONGEZA, Jumapili usiku: Nashukuru kwa michango, nimecheka sana na yule wa Kasulu anayeangalia kwa kuegesha simu kwenye debe la mawese. Mliosema nimezidisha, sawa, kila mtu na uchungu wake. Aliyeuliza kama nashona na nguo za kiume, hapana, nijibu PM nikuelekeze kwa fundi mwingine.

Mchangiaji namba saba. Wewe. Nimeomba kwa herufi kubwa na bado umeandika jina, tena na moyo mwekundu pembeni. Futa. Binti wa shangazi yangu yuko episodi ya tisa, na humu jukwaani yeye ndiye aliyenifungulia akaunti.